Kaburi Kando ya Chai

Mwaka 1909 Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, ndugu wa karibu, kwa lugha na kwa mila, wa Wakipsigis wa Kericho na Bomet nchini Kenya. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni jinsi wafu walivyoagwa. Mtu mzima alipofariki, mwili wake ulibebwa ukaenda kulazwa porini, na fisi wakaachiwa kazi iliyobaki. Waliochimbiwa kaburi walikuwa wa aina mbili tu: mtoto mchanga na mkongwe aliyekula chumvi nyingi. Hao walizikwa karibu na zizi, kwenye samadi ya ng'ombe, na kwa mkongwe watu hawakuangua kilio. Walizungumza, hata wakacheka, kwa kuwa mwenzao alikuwa amefika alikotazamia kufika tangu zamani.

Anayesafiri leo kutoka Kericho kupitia Litein hadi Kaplong anaona jambo jingine. Chai imetanda pande zote, imesawazishwa na mikono ya wachumaji, na ukingoni mwa shamba, hatua chache kutoka mlangoni, pana kaburi. Mengine ni matuta ya udongo yaliyoota nyasi. Mengine yamejengewa saruji na kutiwa vigae, yakawekwa jiwe lenye msalaba, jina la ubatizo, jina la Kikipsigis, tarehe mbili na mara nyingi mstari wa Maandiko. Mabadiliko hayo yote yametokea ndani ya muda mfupi kiasi kwamba watu wale wale walisimuliwa na nyanya zao habari za pori, kisha wakazikwa wao wenyewe chini ya msalaba. Hao ndio akina kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya: wanawake waliozaliwa kati ya miaka ya 1920 na 1940, ambao sasa wanaondoka mmoja baada ya mwingine.

Siku ya mazishi mjukuu husimama na kusoma wasifu. Marehemu alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akaokoka, akawa mshirika mwaminifu wa kanisa, na sasa amelala akingoja ufufuo. Sentensi hiyo ya mwisho husomwa haraka, maana mvua ya alasiri inanukia na mhubiri anangoja zamu yake. Lakini hiyo ndiyo sentensi ambayo nyanya wa marehemu huyo angeishangaa kuliko zote, kuliko hata habari za simu na ndege. Imani ya kogo inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ya wasifu unavyoruhusu, kwa sababu hakuirithi. Aliichagua akiwa na akili timamu, mbele ya watu waliomjua, na mara nyingi kwa gharama.

Kuelewa alichochagua kunahitaji kwanza kuelewa alichokuwa nacho. Wakipsigis walimjua Mungu kabla misheni haijajengwa. Walimwita Asis, wakamwelekea upande wa macheo alfajiri, na kila boma lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya familia nje ya nyumba. J. G. Peristiany, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1939, na Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi Kericho miaka mingi na kuoa Mkipsigis, wote wawili walieleza imani juu ya oiik, roho za waliotangulia, ambazo hazikuwa mbali na nyumba. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazima walikaa pamoja kwa ajili ya kurenet. Walitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku macho yote yakiwa kwa mtoto. Akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi yule ndiye aliyerejea. Shangwe ilifuata, na tangu hapo mtoto alikuwa na jina la mtu aliyewahi kuishi katika boma lile.

Hili halikuwa tumaini dogo. Kadiri watoto walivyoendelea kuzaliwa, hakuna marehemu aliyepotea kabisa. Uzito wake unaonekana pia katika desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuiolea nyumba yake mke, ili ipate mrithi. Ukoo kukatika kulihofiwa kuliko kufa. Mtu alikufa, lakini jina lilirudi, na nyumba ikaendelea.

Tazama, hata hivyo, tumaini hilo lilimhusu nani. Kurenet ilijibu swali la waliobaki: mpendwa wetu atarudije kwetu? Anayekufa mwenyewe ana swali lake, na swali hilo ni jingine: mimi nitakuwa wapi? Atakayepiga chafya ni mtoto mwenye mama mwingine, atakayekua na kuolewa na kuishi maisha yake. Hapo ndipo Injili ilipopenya katika nchi ya Kericho na Bomet. Ilikuja na ahadi kwa yule anayekufa, kwamba atafufuliwa yeye mwenyewe, atajulikana, na ataitwa kwa jina lake.

Ahadi hiyo ililetwa na watu kadhaa na kwa njia tofauti. Willis Hotchkiss, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa Waquaker watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, alianzisha misheni ya ufundi huko Lumbwa mwaka 1905. Africa Inland Mission ilijenga kituo Litein. Mwaka 1935 wamisionari wa World Gospel Mission, watu wa mapokeo ya Wesley, walianza kituo cha Tenwek, na kazi yao ikazaa Africa Gospel Church. Wakatoliki nao walifika, na dayosisi yao ya Kericho ikaundwa mwaka 1995. Kanisa lao kuu la Moyo Mtakatifu, lililozinduliwa mwaka 2015 na kuchorwa na ofisi ya John McAslan ya London, linapanda kilimani kwa paa moja refu la vigae vinavyoonekana kutoka mbali sana.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana. Wasichana walikawia, na kwao mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Misheni za Kiprotestanti zilikataza pombe, zikakataza tohara ya wasichana, zikatilia shaka nyimbo na ngoma za jando na unyago. Msichana aliyekubali masharti hayo miaka ya 1930 au 1940 alijiondoa katika jambo lililowafanya wenzake wahesabiwe watu wazima. Nani angemwoa? Wake wenza wangemwitaje? Mama mkwe angempokeaje mwanamke asiyetaka kukoroga pombe ya wimbi kwa ajili ya wazee? Hakuna kanisa lililoweza kumjibia maswali hayo. Aliyajibu mwenyewe, kisimani, sokoni na jikoni, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba imani ya kogo ilikuwa vazi alilovishwa na wageni. Wageni walikuwa wachache, na wengi wao hawakuijua lugha vizuri. Waliomhubiria kogo kwa kweli walikuwa dada zake, shemeji zake, na wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima. Na si haki vilevile kusema, kama wahubiri wengine wanavyosema juu ya jeneza, kwamba kabla ya hapo pote palikuwa giza. Wanawake waliokaa wakitaja majina ya wafu kwa mtoto mchanga walikuwa wakitafuta jambo la kweli. Kogo alilelewa nao, na kiu aliyokwenda nayo kanisani alikuwa ameipata kwao.

Kiu hiyo ilikuwa kali zaidi mahali ambapo wasifu hupapita haraka: watoto waliokufa. Utafiti wa uzazi uliofanywa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba mwanamke alizaa kwa wastani watoto wanane, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Katika kizazi cha kogo, aliyezaa wanane au kumi bila kupoteza hata mmoja alikuwa na bahati kubwa. Surua, malaria, kuhara na kifua viliwachukua wadogo, wakati mwingine wawili katika msimu mmoja. Wasifu husema "watoto tisa, saba wakiwa hai", halafu huendelea na habari za wajukuu.

Ni vyema kusimama kwa hao wawili. Majina yaliyotajwa kwenye kurenet yalikuwa ya watu waliowahi kuishi na kuacha ukoo. Mtoto wa wiki tatu hakuwa ameacha mtu. Mama yake alibaki na uchungu usio na mahali pa kuuweka, na kijiji kilimwambia azae mwingine. Kanisa lilipofundisha kwamba mtoto yule anajulikana kwa Mungu na kwamba mama yake atamwona tena, lilimpa mwanamke huyo kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumpa. Hapo, kuliko katika hoja zozote za dini, ndipo uzima wa milele ulipopata nyumba Bomet. Ukimsikiliza kogo wa miaka tisini akieleza atakachofurahia mbinguni, mara nyingi barabara za dhahabu hazimo. Wamo watu, na aghalabu wa kwanza kutajwa ni mtoto aliyemzika kogo mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Tenwek yenyewe inaonyesha jinsi tumaini hilo lilivyokaa pamoja na dawa. Zahanati ilianza mwaka 1937, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliendeshwa na wauguzi. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, alifika mwaka 1959, na kwa muda mrefu alikuwa daktari pekee kwa watu wa eneo kubwa. Wanawake walitembea kwa saa nyingi wakiwa na watoto migongoni. Baadaye maporomoko ya mto Nyangores, yaliyo karibu na hospitali, yakafungwa mitambo ya kuzalisha umeme, na leo Tenwek ni hospitali ya rufaa inayopasua mioyo na kufunza madaktari wa upasuaji. Kaulimbiu yake inasema kwamba wao hutibu na Yesu ndiye aponyaye. Kogo aliyeketi kwenye benchi lake mwaka 1961 alijua kwamba si kila aliyetibiwa alitoka akiwa hai. Aliondoka na mtoto aliyepona, au aliondoka na shuka, na kwa vyovyote Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani. Imani yake haikusimama juu ya mtoto kupona.

Sura ya kumi na moja ya Injili ya Yohana ilipendwa sana na wanawake hawa, na si vigumu kuona kwa nini. Martha anatoka nje kumlaki Yesu na moja kwa moja anamlaumu kwa kuchelewa. Anakiri kwamba ndugu yake atafufuka siku ya mwisho, lakini siku ya mwisho iko mbali, na kaburi liko pale pale. Yesu hamkemei. Anamjibu, kisha analia na kwenda kaburini. Mwanamke aliyeambiwa na kijiji anyamaze na azae mwingine alisoma hapo kwamba Bwana mwenyewe alilia, ingawa alijua atakalolitenda baada ya dakika chache.

Alisoma, au alisomewa. Biblia nzima kwa Kinandi ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1930, na Biblia ya Kikalenjin ikatoka mwaka 1969, lakini wanawake wengi wa kizazi hicho hawakupelekwa shule. Waliishika kwa masikio. Kitabu cha nyimbo cha Kikalenjin walikijua kwa moyo, na wengi wangeweza kuanzisha wimbo wowote ukiwatajia namba tu. Mjukuu aliporudi nyumbani wakati wa likizo alipewa Biblia asome kwa sauti baada ya chakula, na akikosea mstari, kogo asiyejua herufi ndiye aliyemsahihisha.

Jirani wa nchi hii aliamua kuimaliza kiu ya kujisomea. Priscilla Sitienei wa Ndalat, kaunti ya Nandi, aliyekuwa mkunga kwa zaidi ya miaka sitini, aliingia shule ya msingi mwaka 2010 akiwa na miaka karibu tisini. Alikaa darasani na vitukuu vyake, na baadhi ya wanafunzi wenzake aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Waandishi wa habari walipomuuliza mwaka 2015 kwa nini, moja ya sababu zake ilikuwa kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Nyingine ilikuwa kuwatia moyo wasichana walioacha shule, na pia kuandika ujuzi wake wa ukunga usipotee. Filamu ya Kifaransa iliyotengenezwa na Pascal Plisson ilimpeleka mbele ya watazamaji wa Ulaya kwa jina ambalo kijiji kizima kilimwitia, Gogo. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99.

Magazeti yalimsimulia kama maajabu ya umri. Sehemu ya Biblia ilitajwa na kupitwa. Lakini mtu wa miaka tisini anayejifunza irabu ili asome kitabu kimoja anasema jambo kubwa juu ya kitabu hicho na juu ya muda anaodhani amebakiwa nao. Asiyetazamia chochote baada ya kaburi angekuwa na sababu chache za kuanza darasa la kwanza.

Kuna mfano ambao mhubiri wa nchi ya chai huushika upesi. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hukatwa hadi ubaki mashina makavu, bila jani. Mgeni akilipita shamba hilo atafikiri limekufa. Baada ya miezi michache chipukizi hutoka, na wachumaji hurudi na vikapu vyao. Ni mfano mzuri kwa mimbari, lakini hautoshi kueleza alichokiamini kogo. Mchai uliokatwa haukufa hata siku moja. Mizizi yake ilikuwa ikifanya kazi muda wote. Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alichagua mbegu inayofukiwa na kuoza, na kogo aliyekua akipanda wimbi kabla mahindi na chai havijaenea alimwelewa Paulo bila kufafanuliwa. Hakujidanganya kwamba mtoto wake amelala usingizi mwepesi. Alimwosha mwenyewe. Alijua amekufa, na akaamini kwamba ataitwa. Ugumu huo wa imani yake haupaswi kulainishwa na wajukuu wanaotaka kusema tu kwamba "anaishi mioyoni mwetu". Kogo alitarajia zaidi ya hapo.

Chai yenyewe ina historia inayofanya suala la kaburi liwe zito zaidi hapa kuliko mahali pengine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga ardhi ya Kericho kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walijaribu kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia: Brooke Bond, na African Highlands Produce ya kina James Finlay. Wakipsigis waliosukumwa pembeni waliacha maboma yao, mabwaita zao na mahali walipozikwa watoto wao na wazee wao. Mwaka 1934 sheria ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto, mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Wengi walifia huko. Wazee wa Talai na Wakipsigis waliopokonywa ardhi wamelipeleka dai lao hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakalifikisha katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Miongoni mwa waliorudi kutoka Gwassi walikuwamo wanawake waliookoka wakiwa wakubwa, na ushuhuda wao una sauti ya pekee. Mtu ambaye mama yake amelala kando ya ziwa, mbali na nyumbani, na nyanya yake amelala chini ya chai ya kampuni, hawezi kuweka tumaini lake katika kaburi la kuzuru. Mungu anayewaita wafu kutoka popote walipo, pamoja na waliolazwa porini bila jiwe wala tarehe, ndiye Mungu aliyemhitaji. Wakati mwingine husemwa kwamba kuamini mbingu humfanya maskini asahau haki yake duniani. Wanawake hawa waliimba juu ya mbingu Jumapili, na wakaenda kutoa ushahidi mbele ya tume za ardhi siku nyingine. Waliotarajia wafu wao kufufuliwa hawakuwa tayari kuacha wadharauliwe.

Ndani ya mashamba makubwa ya chai kulikuwa na maisha mengine tena. Wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi walikaa katika nyumba za kampuni pamoja na Wakipsigis, wakasali pamoja, mara nyingi kwa Kiswahili. Anapofariki mmoja wao huchangwa nauli, na mwili husafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Kiswahili cha makanisa hayo ya kambini, chenye nyimbo kutoka kila pembe, ndicho kilichowafundisha akina kogo wengi kuomba kwa lugha ambayo mkamwana kutoka kabila jingine angeitikia amina.

Chai ya wakulima wadogo ilichukua nafasi yake baada ya uhuru, hasa tangu Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya ilipoundwa mwaka 1964. Kogo alichuma majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu hadi kituo cha kununulia, akangoja lori. Malipo ya kila mwezi yalikuwa ya karo na sukari. Bonasi ya mwaka ilipofika, fungu la kumi lilitolewa kabla ya kitu kingine chochote, na makanisa mengi ya mawe kati ya Litein na Mogogosiek yalijengwa kwa fedha za namna hiyo na kwa harambee. Mvua ya mawe, ambayo Kericho huipata kwa wingi ajabu, ingeweza kuyachana majani ya mwezi mzima kwa robo saa. Kogo alisimama mlangoni akiitazama, akaomba, na fungu la mwezi uliofuata likawa dogo, lakini likatolewa.

Mwaka 2020 baadhi yao walifariki wakati ambapo serikali ilipunguza waombolezaji hadi watu 15 kwa sababu ya korona. Wanawake waliokuwa wamewaimbia wenzao makaburini kwa miaka sitini walizikwa na watu wachache waliovaa barakoa, asubuhi, pasipo kwaya. Kwa familia nyingi hilo bado ni jeraha. Si jambo la kupuuza: wimbo wa mazishi katika nchi hii ni sehemu ya kukiri imani, na kanisa zima hukiri pamoja juu ya mmoja ambaye hawezi tena kukiri kwa sauti. Baadhi ya familia zilifanya ibada ya shukrani mwaka mmoja au miwili baadaye, ili nyimbo zile ziimbwe zote.

Na majina yanarudi bado. Katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa baada ya kogo kufariki, wanawake hukaa na kutaja majina, kisha mtoto hupelekwa kanisani. Makanisa mengine huikemea desturi hiyo, mengine hunyamaza. Wanaoikemea wana hoja yao, kwa sababu marehemu hawezi kuwa kwa Mungu na wakati huo huo kuwa ndani ya kitoto kinachonyonya. Hata hivyo, wengi wanaoifanya leo hawadai hivyo. Wanataka jina lisikike jikoni tena. Mtoto anayeitwa kwa jina lake ni faraja yao wanaobaki, na kogo mwenyewe, ikiwa aliyoyaamini ni kweli, hakihitaji kitoto hicho ili awepo. Ana jina lake, na anayelitunza ni mwingine.

Kazi iliyobaki, ya kunasa shuhuda za akina kogo, ni ya haraka. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na vinasa sauti vyake, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, ambaye jina lake lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani waliyemsikia kwenye santuri. Rekodi hiyo imesikilizwa duniani kote, na miaka ya karibuni ilirudishwa kijijini ili wazee waliobaki wajisikilize. Wasichana wa rika lile lile, katika vilima vile vile, walikuwa wakiimba pia nyimbo za Injili walizojifunza karibuni na kutoa shuhuda zao za kwanza, na hakuna aliyewategea chombo. Walio hai kati yao wana miaka karibu tisini au zaidi. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yeyote wa kwaya inatosha. Jumapili hii baada ya ibada, Litein, Kapkatet, Tenwek au Silibwet, aketi karibu na kogo wa benchi la mbele, amwombe aeleze aliokoka lini, nani alimcheka, mtoto yupi alimzika na anatarajia kumwona nani kwanza, kisha amwachie nafasi aimbe beti zote, pamoja na zile ambazo kitabu kipya kimezipunguza.